Manowari za Karatasi: Mpango wa Mchezo wa Miraba na Maneno Yake kwa Kiswahili

I. KUSUDI LA MAKALA

Katika michezo ya akili ichezwayo Afrika ya Mashariki, bao ndilo lililovuta zaidi macho ya wataalamu, na hiyo ni haki yake. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na juu ya hayo lina lugha yake lenyewe: watu hunamua, hucheza mtaji, hutakata, hulinda nyumba, na hutofautisha kichwa na kimbi. Mtu asiyeyajua maneno haya aweza kusogeza kete, lakini ni vigumu kumfundisha au kumsahihisha.

Iko michezo mingine ambayo haikupata heshima hiyo, hasa ile ya vijana wa shule, ichezwayo kwa karatasi na kalamu ya risasi, kisha karatasi ikatupwa. Katika kundi hilo umo mchezo ambao hapa tutauita Manowari. Wachezaji wawili huficha vyombo vyao vya majini katika jedwali la miraba, kisha hupigana kwa zamu, kila mmoja akitaja mraba na mwenziwe akijibu. Ulikuwa ukichezwa kwa karatasi tupu kabla ya makampuni kuuchapa. Mwaka 1931 kampuni ya Starex ya Marekani iliutoa kwa jina la Salvo, na mwaka 1967 Milton Bradley ikauuza ukiwa na vyombo vya plastiki.

Mchezo huu wastahili kutazamwa na watu wa lugha kwa sababu moja. Katika bao, kete hujisemea zenyewe. Hata mtu bubu aweza kucheza bao zuri. Katika Manowari hakuna kitu kinachopita kutoka kwa mchezaji mmoja kwenda kwa mwenziwe isipokuwa neno. Neno ndilo kombora, na neno ndilo kishindo chake. Basi maneno yakiwa mabaya, mchezo nao ni mbaya, hata kama hesabu zake ni njema. Kusudi letu ni kueleza mpango wa mchezo huu, kuonyesha mahali ambapo maneno yatumiwayo huuvuruga, na kupendekeza namna ya kuucheza kwa Kiswahili ambayo inafuata maumbile ya Kiswahili chenyewe.

II. LIULI, TAREHE 13 AGOSTI 1914

Tumechagua kuuweka mchezo huu Liuli, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Nyasa, katika nchi ambayo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga mpaka Wilaya ya Nyasa ilipotengwa mwaka 2012. Kijana wa huko hana haja ya kuelezwa maana ya miraba wala ya vyombo. Nyuma yake, katika milima ya Umatengo, mashamba ya ngoro yamepangwa kwa mashimo na matuta safu kwa safu, kama karatasi ya hesabu iliyotandazwa juu ya mlima. Na mbele yake liko ziwa. Lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba Liuli palitokea vita ya manowari iliyo ya kweli, na tukiipima kwa kanuni za mchezo tutaona vizuri zaidi jinsi mchezo ulivyojengwa.

Wakati wa utawala wa Wajerumani, Liuli iliitwa Sphinxhafen, kwa sababu ya jabali la pwani lililowakumbusha sanamu ya Misri. Hapo ndipo meli yao Hermann von Wissmann ilipokuwa ikitengenezwa. Upande wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, Waingereza walikuwa na meli Gwendolen, iliyoshushwa majini mwaka 1899 huko Fort Johnston, mji uitwao sasa Mangochi. Nahodha wa Kiingereza, Rhoades, na nahodha wa Kijerumani, Berndt, walikuwa wakijuana na kuzoeana.

Uingereza iliingia vitani tarehe 4 Agosti 1914. Habari ilifika Nyasaland, na Rhoades akaamriwa kuitafuta meli ya Wajerumani. Tarehe 13 Agosti aliikuta Liuli, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, akaipiga mizinga. Berndt hakuwa na habari ya vita yoyote. Yasimuliwa kwamba alitoka kwa mashua ndogo, amejaa hasira, akimwuliza rafiki yake kama amelewa. Alishikwa mateka, na meli yake ikaondolewa vifaa ili isiweze kutumika. Tukio hilo hutajwa mara nyingi kuwa ushindi wa kwanza wa Waingereza majini katika vita ile. Mwezi wa Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli wakaiharibu zaidi.

Yafaa kutazama ni jambo gani lililofichika siku ile. Mahali pa meli hapakufichika. Rhoades alijua bandari ya kuiendea. Kilichofichika ni vita yenyewe, maana mmoja alijua ya kuwa wamo vitani na mwingine hakujua. Katika mchezo wa Manowari mambo yamegeuzwa. Vita hutangazwa mbele ya wote, kanuni hujulikana kwa wote, idadi na urefu wa vyombo hujulikana kwa wote. Kinachofichwa ni mahali tu. Huu ndio msingi wa mpango wa mchezo wowote wenye siri: sharti yajulikane wazi yaliyo ya wote na yaliyo ya mmoja. Siri ikivuka mpaka wake, mchezo hugeuka shambulio. Tutaona baadaye kwamba lugha yaweza kuuvuka mpaka huo pasipo wachezaji kutambua.

III. KANUNI

Kila mchezaji huchora majedwali mawili, kila moja lina miraba 10 kwa 10. La kwanza ni maji yake mwenyewe, ambamo hupanga vyombo vyake. La pili ni maji ya mwenziwe, ambamo huandika majibu anayopewa. Karatasi hukingwa ili mwenziwe asione.

Vyombo ni vitano: manowari yenye miraba 5, meli yenye miraba 4, stima yenye miraba 3, jahazi lenye miraba 3, na mtumbwi wenye miraba 2. Jumla ni miraba 17. Kila chombo hulazwa wima au mlalo, wala si mshazari. Vyombo vyaweza kugusana lakini haviwezi kupandana. Vikishapangwa havihamishwi.

Kwa zamu, kila mchezaji hutaja mraba mmoja. Mwenziwe hujibu kwamba tamko limeanguka majini, au limegusa chombo, au limemaliza mraba wa mwisho wa chombo na kukizamisha. Atakayevizamisha vyombo vyote vitano kwanza ndiye mshindi. Mchezo ukiisha, karatasi zote mbili hufunuliwa na kulinganishwa.

Kanuni hii ya mwisho ni ndogo kwa maneno lakini ni kubwa kwa kazi. Mchezo huu hauna mwamuzi, na watazamaji hawawezi kumkemea mwongo kama wafanyavyo barazani penye bao, kwa kuwa hawaoni karatasi. Uaminifu wote umewekwa katika kinywa cha yule anayejibu, na kufunua karatasi ndicho kiapo chake.

Ziko namna nyingine za kanuni, na kila moja hubadili kiasi cha habari kinachotolewa. Warusi, kwa mfano, huweka chombo kimoja cha miraba 4, viwili vya 3, vitatu vya 2 na vinne vya mraba 1, jumla miraba 20, na hukataza vyombo kugusana. Katazo hilo huonekana kama la mpangilio tu, lakini ni zawadi kwa mshambuliaji: kila chombo kinachozama humwambia bure kwamba miraba yote inayokizunguka ni maji. Katika Salvo mchezaji hutaja miraba mingi katika zamu moja, kwa hesabu ya vyombo vyake vilivyobaki, na majibu hutolewa kwa pamoja mwishoni. Hapo anayepoteza chombo hupoteza pia tamko moja, na hivyo aliyetangulia huzidi kutangulia. Kwa mafundisho ya shule twaona kanuni ya tamko moja kwa zamu ni bora, kwa kuwa humwachia aliye nyuma nafasi ya kurudi.

IV. HESABU ILIYOFICHIKA

Mchezaji asiye na ujuzi hutaja miraba kama atupaye mawe gizani. Lakini mpango wa mchezo umeficha hesabu ambayo mwenye kutafakari huigundua pole pole, na ndiyo furaha yake.

Jambo la kwanza ni kwamba miraba si sawa. Manowari ya miraba 5 yaweza kulazwa kwa njia 120: mlalo kuna nafasi 6 katika kila safu ya 10, yaani 60, na wima vile vile 60. Katika njia hizo 120, ni 2 tu zinazoufunika mraba wa pembeni kabisa, ilhali mraba ulio katikati hufunikwa na njia 10. Basi anayeanza kutafuta katikati ana nafasi mara tano ya kuigusa manowari kuliko anayeanza pembeni, ikiwa mfichaji amepanga pasipo kuchagua. Lakini mfichaji naye anajua hivyo, atakimbilia kingoni; na mtafutaji akijua kwamba mfichaji anajua, atamfuata huko huko. Hapa hesabu hukoma na kumjua mtu huanza.

Jambo la pili ni la umbo. Tupake miraba rangi mbili kwa kupokezana, kama ubao wa drafti. Mtumbwi wa miraba 2, popote ulazwapo, hauna budi kufunika mraba mmoja wa kila rangi. Basi hakuna haja ya kutaja miraba yote 100. Miraba 50 ya rangi moja yatosha kuupata. Na ikiwa mtumbwi umekwisha kuzama na kilichobaki ni chombo cha miraba 3, yatosha kutaja mraba mmoja katika kila mitatu kwa mstari wa mshazari, yaani miraba 33. Kwa chombo cha miraba 4 ni 24, na kwa manowari ya 5 ni 20. Kwa sababu hii mtumbwi, chombo kidogo kuliko vyote, ndio ulio ghali kuutafuta, na mchezo mwingi huamuliwa nao.

Jambo la tatu ni kugeuka kwa kazi. Kabla ya kugusa chombo, mchezaji ni mtafutaji; akisha kugusa, ni mfuatiaji, na miraba yake ya maana si 50 tena bali ni minne tu inayouzunguka ule alioupata. Mchezo mzima ni kupishana kwa hali hizi mbili, na kinachozitenganisha ni jibu moja fupi. Jibu hilo likisikiwa vibaya, hesabu yote iliyotangulia ni bure.

V. KASORO YA HERUFI NA NAMBA

Katika mchezo uliochapwa, safu za upande mmoja hutajwa kwa herufi A mpaka J, na za upande wa pili kwa namba 1 mpaka 10. Mpango huu ukiletwa katika darasa la Tanzania huzaa matatizo matatu.

La kwanza ni sauti. Majina ya herufi B, D, G na J kwa Kiswahili ni be, de, ge na je, ambayo yana irabu moja na hutofautiana kwa konsonanti tu. Katika chumba chenye wanafunzi wengi wanaosema kwa pamoja, konsonanti ndiyo hupotea kwanza na irabu ndiyo hubaki. Katika namba, nne na nane nazo hukaribiana.

La pili ni la lugha mbili. Mwanafunzi hujifunza majina ya herufi kwa Kiswahili, kisha hujifunza tena kwa Kiingereza. Herufi E ya Kiingereza husikika kama I ya Kiswahili, na herufi A ya Kiingereza yaelekea E ya Kiswahili. Mmoja akisema "i, tano", mwenziwe hawezi kujua kama ametaja safu ya E au safu ya I ila kwa kuuliza, na kuuliza huko humpa mwulizwaji nafasi ya kubadili nia.

La tatu ni la utaratibu. Wengine, ili kuikwepa shida ya herufi, hutumia namba mbili. Lakini "tatu, saba" ni safu ya tatu mraba wa saba, au ni kinyume chake? Kanuni yaweza kuamua, lakini hakuna kitu katika lugha kinachomkumbusha mchezaji kanuni hiyo, naye huisahau pale hasa anapokuwa na haraka.

VI. UBAO WA SILABI

Dawa ya matatizo haya haiko mbali. Kila aliyejifunza kusoma Kiswahili kwa njia ya silabi alianza na jedwali: ba, be, bi, bo, bu. Konsonanti hushuka upande mmoja, irabu hutambaa upande wa pili, na pakutanapo huzaliwa silabi. Jedwali hilo ni uwanja wa Manowari uliokwisha kuchorwa. Hukosa vyombo tu. Basi twapendekeza kwamba kila mraba utajwe kwa silabi yake.

Irabu za Kiswahili ni tano, na uwanja una safu wima kumi. Nusu ya kushoto na itajwe kwa silabi moja, na nusu ya kulia kwa silabi iyo hiyo ikirudufiwa. Uwanja wote utakuwa hivi:

ba be bi bo bu | baba bebe bibi bobo bubu
fa fe fi fo fu | fafa fefe fifi fofo fufu
ha he hi ho hu | haha hehe hihi hoho huhu
ja je ji jo ju | jaja jeje jiji jojo juju
ka ke ki ko ku | kaka keke kiki koko kuku
la le li lo lu | lala lele lili lolo lulu
ma me mi mo mu | mama meme mimi momo mumu
nya nye nyi nyo nyu | nyanya nyenye nyinyi nyonyo nyunyu
sa se si so su | sasa sese sisi soso susu
ta te ti to tu | tata tete titi toto tutu

Konsonanti hizi kumi hazikuchukuliwa ovyo. Katika kila jozi ya sauti zinazokaribiana tumechukua moja na kuiacha nyingine: B imechukuliwa na P ikaachwa, F na V, J na CH, K na G, S pamoja na jamaa zake Z, SH na TH, T na D. NY na M zimetengana vya kutosha, na N iliyo kati yao imeachwa. W na Y zimeachwa kwa sababu hufifia zikutanapo na irabu zilizo jamaa zao, yaani wu na yi.

Kati ya L na R tumechukua L. Wako wasemaji wengi wa Kiswahili ambao lugha zao za kwanza hazizitenganishi sauti hizi mbili, na ambao wamechekwa shuleni kwa sababu hiyo. Katika ubao huu, asemaye "ra" badala ya "la" ataeleweka mara moja, kwa kuwa hakuna "ra" nyingine ya kugombana nayo. Kadhalika asemaye "za" badala ya "sa", au "va" badala ya "fa". Ufuko wa Nyasa una wasemaji wa Kimanda, Kimpoto, Kinyanja na Kimatengo, wanaokutana darasa moja na kila mmoja na matamshi yake. Mchezo ulio mwema hauwezi kumfanya mtoto ashindwe kwa sababu ya ulimi wa nyumbani kwao.

Tatizo la utaratibu nalo limeondoka lenyewe. Silabi hizi za Kiswahili huanza kwa konsonanti na kuishia kwa irabu. Hakuna awezaye kusema "ab" akakusudia "ba". Safu mlalo hutangulia na safu wima hufuata, si kwa amri ya kanuni bali kwa maumbile ya lugha.

Iko hatari moja katika kurudufu, nayo yapasa ikabiliwe. Mchezaji aliyetaja "ba" na asisikiwe, akirudia "ba", aweza kueleweka kuwa amesema "baba". Kwa sikio la Mswahili tofauti ipo. Mkazo wa Kiswahili hukaa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho. "Baba" lina mkazo mmoja, nao uko mwanzoni, ilhali "ba, ba" ni matamko mawili, kila moja na mkazo wake. Lakini tofauti hiyo ni nyembamba kwa chumba chenye kelele. Basi iwe kanuni kwamba tamko halirudiwi ila kwa kuombwa, na arudiaye atangulize maneno "nasema tena".

Msomaji ameona ya kwamba nusu ya kulia imejaa maneno halisi: baba, bibi, bubu, kaka, kuku, lala, lulu, mama, nyanya, sasa, na hata mimi, sisi na nyinyi. Maneno hayo yatawachekesha wanafunzi, na moja au mawili yatawachekesha zaidi ya mwalimu apendavyo. Kwa upande wa mchezo hilo ni faida, maana neno lenye maana hukaa kichwani kuliko herufi na namba. Mchezaji atakumbuka kwamba jahazi lilizama kwa "kuku" pale ambapo angekwisha kuisahau J-5. Ile mbinu ya rangi mbili nayo yaweza kukaririwa: safu ya kwanza ba, bi, bu, bebe, bobo, safu ya pili fe, fo, fafa, fifi, fufu, na kadhalika kwa kupokezana mpaka chini.

VII. JIBU NA UPATANISHO WA NGELI

Kama tamko lahitaji uangalifu, jibu lahitaji zaidi. Wengi hujibu "umekosa" na "umepata". Maneno haya yana umbo moja, silabi nne nne, na nusu ya kwanza ni ile ile. Anayesikia mwanzo wa neno hajasikia kitu. Twapendekeza majibu matatu yasiyofanana: "maji", "chombo", na "kimezama".

Hili la tatu ndilo lenye jambo la kumpendeza mwanasarufi. Kwa nini "kimezama", wala si "imezama" kama wengi wangesema? Vyombo vyetu vitano si vya ngeli moja. Manowari, meli na stima huchukua i-. Jahazi huchukua li-. Mtumbwi huchukua u-. Mchezaji akijibu kwa upatanisho wa jina la chombo chenyewe, basi "limezama" hutangaza kwamba ni jahazi, na "umezama" hutangaza kwamba ni mtumbwi, hata kama kanuni inamkataza kutaja jina la chombo. Siri imevuka mpaka wake kwa silabi moja, na aliyeitoa hakujua kwamba ameitoa.

Pengine itasemwa kwamba mtafutaji angejua tu kwa kuhesabu miraba aliyoigusa. Mara nyingi ni kweli. Lakini vyombo vyaweza kugusana. Tuseme mchezaji amegusa miraba mitano mfululizo katika safu ya K, naye ameambiwa mara moja tu kwamba chombo kimezama. Yaweza kuwa ni manowari nzima, nayo imekwisha. Yaweza pia kuwa ni meli na jahazi vilivyolazwa mkia kwa kichwa, jahazi limezama na meli imeguswa nusu. Mwisho huo ukiwa haujulikani, mtafutaji hana budi kuamua: aendelee hapa au aondoke? Huo ni uamuzi mzuri kabisa wa mchezo, nao wote huuawa na kiambishi kimoja. Katika "umezama" iko hata tatanisho nyingine, kwa kuwa u- hiyo yaweza kusikika kama ya nafsi ya pili, na mchezaji aliyeshinda akaambiwa kwamba yeye ndiye aliyezama.

Jina la jumla, chombo, huondoa yote haya. Ni neno la kale la mabaharia wa Kiswahili, lafaa kwa mtumbwi na kwa manowari sawasawa, na ki- yake haifichui kitu. Wale watakao mchezo mwepesi zaidi kwa watoto wadogo waweza kuamua kinyume, na kulifanya jibu litaje chombo waziwazi: "jahazi limezama", "mtumbwi umezama". Hapo upatanisho huwa zoezi jema la sarufi. Lililo muhimu ni kwamba uamuzi huo ufanywe kabla ya mchezo na ujulikane kwa wote wawili. Kiambishi kikisikika kwa mmoja tu, mwingine atakuwa amerudi Liuli ya 1914, akishambuliwa kwa habari asiyojua kwamba iko nje.

VIII. HITIMISHO

Tumeona kwamba mpango wa Manowari umesimama juu ya nguzo tatu: mpaka ulio wazi baina ya yanayojulikana na yanayofichwa, hesabu ya miraba ambayo humlipa mwenye kufikiri, na maneno yanayobeba habari kwa kiasi kile tu kilichokusudiwa. Nguzo ya kwanza na ya pili ni za watu wote. Ya tatu haiwezi kuchukuliwa kutoka lugha moja na kutiwa katika nyingine kama ilivyo, kwa kuwa kila lugha ina sauti zake zinazochanganyika na sarufi yake inayofichua siri. Lugha isiyo na ngeli haina haja ya kuogopa "limezama", Kiswahili kinayo.

Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na hadithi, na kwamba mambo ya vipimo na mahali halisi yafaa yaachiwe lugha nyingine. Ubao huu mdogo waonyesha kinyume. Silabi ya Kiswahili, iliyo wazi na yenye utaratibu usiogeuka, ni chombo cha kutajia mahali kilicho imara kuliko herufi na namba za mchezo uliochapwa. Yaliyobaki ni kazi ya walimu na watafiti: wachukue madarasa mawili, moja likicheza kwa herufi na namba, jingine kwa silabi, wahesabu ni matamko mangapi yaliyorudiwa na ni majibu mangapi yaliyoandikwa mahali pasipo pake. Gharama yake ni karatasi na kalamu ya risasi.